Ukurasa mmoja, mara saba: mfadhaiko unavyoshika usukani wa akili ya mwanafunzi

Jirani_wa_Zimma (mwanzisha uzi)

Wadau, uzi huu ni mrefu, wekeni chai jikoni kwanza.

Mwaka wangu wa pili chuoni (sitakitaja, na msianze kukisia) nilikuwa nimepanga chumba Zimmerman pamoja na kijana mmoja wa Busia. Usiku mmoja nikakaa na noti za takwimu tangu saa mbili. Ukurasa mmoja tu. Nikifika chini sijui nimesoma nini, narudi juu. Nafika chini tena, hola. Kumbe mwenzangu alikuwa ananihesabia kimyakimya kitandani. Saa tano akaniambia, "Buda, huo ukurasa umeurudia mara saba. Umeuposa?" Tukacheka. Yeye akalala, mimi nikabaki nao mpaka adhana ya alfajiri.

Sikuwa nalia. Hilo ndilo lililonipoteza, maana nilidhani mtu mwenye mfadhaiko, huu ugonjwa wa depression, lazima alie. Mimi nilikuwa mzito tu. Nasimama steji ya Roysambu nashindwa kuamua nipande gari lipi, na yote yanaenda mjini. Naanza kumwandikia mhadhiri ujumbe, nauacha katikati. Natoa simu nitazame saa, nairudisha mfukoni bila kuiona saa. Jaribio la wiki ya nane nililikosa, na si kwamba niliisahau tarehe. Niliikumbuka vizuri sana, kesho yake.

Mama alikuwa akipiga simu Jumapili baada ya kanisa. "Mbona sauti imepoa? Una mawazo?" Namjibu sina mawazo, mama. Nikikata simu najiuliza: kama sina mawazo, hiki kilichojaa kichwani ni nini?

Basi, nilipata msaada, nikamaliza kwa kuchelewa mwaka mmoja, sasa nashika hesabu za ghala Industrial Area. Kilichonileta hapa ni mpwa wangu wa mwaka wa kwanza. Juzi kanitumia sauti WhatsApp: "Anko, nadhani mimi ni mjinga tu. Wenzangu wanasoma vinaingia, mimi haviingii." Huyu ni mtoto aliyetoka sekondari na A ya hesabu.

Nataka tuongee kuhusu hicho kitu hasa, si huzuni peke yake. Wanasaikolojia hutofautisha akili yenyewe na uwezo wa kuiongoza akili: kushika jambo kichwani huku ukilifanyia kazi, kulizuia lisilohusika, kuhama kutoka shughuli hii hadi ile bila kunasa. Mimi nauita usukani. Gari linaweza kuwa na injini nzima kabisa na usukani umekaza. Na usidhani ni jambo la pembeni. Katika dalili 9 ambazo madaktari huzitazama wanapopima mfadhaiko, mojawapo ni kushindwa kumakinika au kushindwa kuamua. Iko kwenye orodha moja na huzuni, usingizi na hamu ya chakula, ila sisi tukihadithiana huwa tunairuka.

Sasa fikirieni ile kumbukumbu ya kushika mambo kwa muda mfupi, ile unayoitumia kujumlisha bei za dukani bila kalamu, kama matatu ya viti 14. Viti ni vichache kwa kila mtu, mgonjwa na mzima. Tofauti ni kwamba kwa mzima abiria wakifika hushuka. Mtafiti Jutta Joormann na wenzake wameonyesha kwamba watu wenye mfadhaiko hupata shida kuyaondoa mambo mabaya kwenye kumbukumbu hiyo hata yanapokuwa hayahitajiki tena kwa kazi iliyo mbele. Abiria amefika Githurai, mwisho wa gari, amelipa, na hashuki. Lile neno baba alilokuambia Desemba limekaa dirishani. Deni la kodi limekaa katikati limetanua miguu. Fomula ya takwimu iko steji inapunga mkono, gari linapita limejaa.

Mama alikuwa ameuliza swali sahihi. Tukisema mtu "ana mawazo" hatumsifu kwa kufikiri.

Kinyozi_Msomi

Lugha tamu ya kupamba uvivu. Sisi tulisomea koroboi, maji kisimani, kiboko mkononi mwa mwalimu, na hakuna aliyejua kama ana usukani au hana. Hawa vijana wako TikTok mpaka saa nane usiku halafu wanashangaa ukurasa hauingii. Uliusoma mara saba? Ungeusoma ya nane.

Dada_wa_Umoja

Kinyozi, koroboi haikumtibu mtu. Ilificha tu nani analia.

Daktari_Mbichi

Niko mwaka wa mwisho wa udaktari, sijafuzu, kwa hiyo msiniulize dawa.

Swali la Kinyozi si baya. Utajuaje huyu amechoka kusoma na huyu ni mgonjwa? Kuna kipimo cha zamani, cha mwaka 1935, cha Mmarekani J. R. Stroop. Mnaweza kukijaribu hapo mlipo. Chukua kalamu nyekundu uandike KIJANI. Chukua ya buluu uandike NJANO. Endelea hivyo maneno ishirini, kisha mwambie mtu ataje rangi ya wino, asisome neno. Ulimi utamponyoka. Kusoma kumeshakuwa mazoea, na kuyazuia mazoea ni kazi inayochukua muda kwa kila binadamu.

Mwaka 2013 Hannah Snyder alijumlisha tafiti 113 zilizolinganisha watu wenye mfadhaiko mkubwa na watu wenye afya kwa vipimo vya namna hii. Kuzuia, kuhama, kushika na kusasisha, kote waliokuwa na mfadhaiko walikuwa nyuma. Si tofauti ya mbingu na ardhi, lakini ipo na inajirudia. Huo ni wastani wa kundi, jamani. Hauwezi kumtazama mwanafunzi mmoja ukamhukumu kwa wastani, na wako wenye mfadhaiko wanaopasua vipimo hivi bila shida.

Kilichonishtua zaidi ni kazi ya Rock na wenzake ya mwaka 2014. Walikuta kwamba hata huzuni ikishapungua, umakini na usukani hubaki nyuma. Mtu ameanza kucheka, anakula chapo madondo sahani mbili, nyumbani wameshatoa shukrani kanisani kwamba kapona. Na bado ukurasa haushiki. Hapo ndipo wengi hujiambia, "Kumbe tatizo halikuwa ugonjwa, ni mimi."

Jirani_wa_Zimma

Daktari, hiyo aya ya mwisho nimeisoma nimesimama. Muhula niliorudi ndio niliofeli zaidi. Wakati wa giza lenyewe kila mtu alinihurumia. Niliporudi nacheka, huruma iliisha, na kichwa bado kilikuwa hakijarudi.

Sasa Kinyozi. Sijakasirika, nina mjomba anayesema hayo hayo kila Krismasi. Ila nakuomba usogee karibu, kwa sababu kuna namna ambayo uko karibu na ukweli kuliko unavyodhani.

Watu wengi wakisikia usukani umekaza hudhani kuna kitu kimevunjika: uwezo haupo. Mwaka 2019 Ivan Grahek na wenzake walileta hoja nyingine. Walisema tujiulize kama uwezo upo ila hautumiki. Kuiongoza akili ni gharama, wote tunajua, ndiyo maana kukokotoa hesabu kunachosha kuliko kutazama mpira. Kwa hiyo ubongo hupiga hesabu kabla haujatoa nguvu: mbele kuna nini, jitihada yangu itakifikia kweli, na itanigharimu kiasi gani? Mfadhaiko unaweza kuziharibu namba zote tatu. Cha mbele kinaonekana hakina ladha. Jitihada inaonekana haifiki. Gharama inaonekana kubwa. Jibu linatoka kabla wewe mwenyewe hujaulizwa: usitoe.

Mfikirie mama mboga ambaye nyanya zimemwozea wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne anaamka saa kumi alfajiri kama siku zote, anafika sokoni, mtaji umefungwa kwenye pindo la leso, na hanunui kreti. Utamwita mvivu? Miguu anayo, pesa anayo. Kilichokwisha ni imani kwamba nyanya zitauzika. Na ukimpigia kelele "nunua!" hujambadilishia soko.

Kwa hiyo ndiyo, Kinyozi, kwa nje inafanana kabisa na uvivu. Hata kwa ndani inafanana, mimi nilijiita mvivu kabla wewe hujaniita. Lakini mvivu anafurahia kukaa. Mimi nilikaa na ukurasa mpaka alfajiri.

Hii ni hoja, si amri ya Musa, na watafiti bado wanaivutana. Mimi naipenda kwa sababu inaeleza kitu kimoja ambacho gari bovu halielezi. Kuna siku akili yangu ilifanya kazi. Kijana wa Busia alipougua tumbo usiku nilitafuta gari, nikapiga simu nne, nikakumbuka namba ya kitambulisho chake, nikajaza fomu bila kukosea. Saa sita usiku! Injini ilikuwepo. Kilichobadilika ni kwamba kwa mara ya kwanza baada ya miezi niliamini nikifanya kitu kitaleta kitu.

Halafu fikirieni vyuo vyetu vinavyofundisha somo hilo kinyume. Nilifanya mtihani wa uchumi, nikatia sahihi karatasi ya mahudhurio, nikaona karatasi ikikusanywa. Matokeo yakatoka, mahali pa alama pana kistari. Nilizunguka ofisi tatu miezi miwili. Mwisho nikaambiwa nirudie mtihani. Mwanafunzi yeyote Kenya anayajua masaibu ya alama kupotea, tunayatania. Lakini mpe mtu ambaye tayari akili yake inashuku kama jitihada hulipa, halafu mpotezee alama. Umemwozeshea nyanya kwa mkono wako.

Kinyozi_Msomi

Hiyo ya kreti imenigusa. Bado nasema simu ziwekwe chini.

Dada_wa_Umoja

Kuweka simu chini nako ni usukani, Kinyozi. Ndiyo yale yale.

Mswahili_wa_Kibokoni

Nipite na la lugha, kisha niwaachie uwanja. Naona hapa mnasema mfadhaiko, wengine watasema unyogovu, majirani zetu wa Tanzania wameshika sonona. Sisi huku Mombasa mtu husemwa amesononeka, yaani ana uchungu unaomla moyoni polepole. Yote sawa kwangu. Nisilolikubali ni kuuita ugonjwa huu "stresi" au "msongo". Msongo ni wa mtihani wa kesho, mtihani ukipita nao hupita. Kijana akisema ana stresi huambiwa akanywe soda. Jina dogo huleta dawa ndogo.

Hela_Haijatoka

Nyote mnaongea vizuri lakini hamjataja tumbo. Mimi niko mwaka wa tatu. Mkopo wa HELB ukichelewa, kuanzia wiki ya nne nakula mara moja, smoki na chai ya rangi. Nasoma ukurasa nikipiga hesabu: nikitembea leo mpaka mjini, nauli inabaki ya Alhamisi. Sina mfadhaiko. Nina njaa. Mbona ukurasa wangu pia haushiki?

Daktari_Mbichi

Umeuliza swali zuri kuliko yote ya leo. Kuna utafiti wa mwaka 2013 wa Anandi Mani na wenzake, walipima wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima wale wale: kabla ya mavuno, pesa zimekauka, na baada ya mavuno, wamelipwa. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya kufikiri na vya usukani. Hawakugeuka wajinga kabla ya mavuno wakawa werevu baada yake. Kukosa pesa kulikuwa kumekalia viti.

Kwa hiyo matatu ni moja, abiria ni tofauti. Na hukaa pamoja. Caleb Othieno na wenzake walichapisha mwaka 2014 utafiti wa wanafunzi 923 wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Asilimia 35.7 walikuwa na dalili za mfadhaiko za kiwango cha kati, na asilimia 5.6 za kiwango kikali. Dalili kwenye dodoso si sawa na kupimwa na daktari, tusije tukasema theluthi ya chuo ni wagonjwa. Lakini tazama nani walikuwa juu: wa mwaka wa kwanza, wenye hali ngumu kiuchumi, wanaoishi nje ya chuo. Yaani mpwa wa Jirani, na wewe.

Daktari akimwona mtu wa namna yako atauliza kwanza usingizi na chakula, pengine atapima damu, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi la shingoni nayo huleta uzito wa kichwa unaofanana na huu. Usijitibu kwa kusoma uzi, hata huu.

Hela_Haijatoka

Damu nitapima. Ila mkopo ukitoka nitapona siku hiyo hiyo, nakuahidi 😂

Mhadhiri_wa_Jioni

Nafundisha madarasa ya jioni, miaka kumi na moja sasa. Nimefuata uzi huu kimya nikihesabu wanafunzi niliowaambia "jitahidi".

Niwape upande wa mbele ya darasa. Kuna aina mbili za kujiongoza ambazo mtafiti Todd Braver alizitofautisha. Moja ni kubeba mwavuli asubuhi kwa sababu umetazama wingu. Nyingine ni kukimbilia kibanda mvua ikishaanza. Zote ni akili. Lakini ya kwanza inadai ushike lengo kichwani saa nzima kabla halijahitajika, na baadhi ya tafiti zimekuta ndiyo inayoyumba mapema kwa wenye mfadhaiko. Sasa chuo chote kimejengwa juu ya mwavuli. Natangaza jaribio wiki ya pili, nalifanya wiki ya nane, katikati sisemi kitu, halafu nashangaa kijana kaja amelowa.

Muhula uliopita nilibadilisha kidogo. Kila kipindi naanza kwa kuandika ubaoni tarehe inayofuata tu, si zote. Kazi ya kurasa kumi nimeigawa vipande vinne, kila kimoja na alama zake, na narudisha ndani ya wiki. Sikufanya kwa huruma, niseme ukweli, nilichoka kusahihisha kazi zilizonakiliwa usiku wa mwisho. Lakini binti mmoja aliyekuwa akikaa nyuma kabisa na kofia alikuja akaniambia kile kipande cha kwanza, alama 4 kwa 5, ndicho kitu cha kwanza alichowahi kurudishiwa chuoni siku akiwa bado anakumbuka alikiandika. Sijui kama anaumwa. Sikumuuliza. Nimemwonyesha ofisi ya ushauri iko mlango gani, nikaenda naye mpaka kwenye ngazi.

Jirani_wa_Zimma

Mwalimu, alama nne ndani ya wiki moja. Nyanya zimeuzika.

MamaWaWawili

Mimi si msomi, naomba mnivumilie. Niko Kayole. Kijana wangu wa kwanza yuko chuo, alirudi Aprili akasema anapumzika kidogo. Mchana analala, usiku anatembeatembea. Nikimtuma dukani vitu vitatu analeta kimoja, na si mtoto wa dharau. Kanisani tumemwombea. Baba yake anasema tumemdekeza. Nifanye nini na nisimwambie nini? Na kuna jambo naogopa hata kuliandika.

Daktari_Mbichi

Mama, shikamoo. Hilo unaloogopa kuliandika, muulize. Muulize kwa maneno yenyewe, kama amewahi kuwaza kujidhuru au kwamba heri asingekuwepo. Kuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa mlango. Na asiogope polisi. Zamani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, watu wakificha. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitangaza kuwa kinyume cha Katiba. Akikujibu ndiyo, usimwache peke yake na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Mathari iko Thika Road na Kenyatta wana idara ya afya ya akili. Usiku wowote unaweza kupiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo. Wako pia Befrienders Kenya, 0722 178 177.

Maombi yaendelee, mama, hayagombani na daktari.

Jirani_wa_Zimma

Mama, kuhusu vitu vitatu dukani: mtume kimoja. Sifanyi mzaha. Akileta kimoja alichotumwa, amemaliza kazi yake. Akileta kimoja kati ya vitatu, amefeli mara mbili kabla ya chai ya saa nne. Au mwandikie. Karatasi haina abiria.

Usimwambie "jikaze" wala usimkumbushe A zake za sekondari. Mama yangu alikuwa akinikumbusha kwa mapenzi, nami kila nikisikia naona tu umbali nilioanguka.

Na baba mpe kreti ya nyanya, huenda ikamwingia kama ilivyomwingia Kinyozi.

Dada_wa_Umoja

Niongeze kidogo, nimewahi kufanya kazi na vijana. Zimbabwe kuna mabenchi ya mbao nje ya zahanati ambapo bibi waliofunzwa hukaa na mtu mwenye "kufungisisa". Ni Kishona, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sikilizeni hilo neno na "ana mawazo" yetu. Daktari Dixon Chibanda ndiye aliyeanzisha, na mwaka 2016 majaribio yao yalichapishwa yakionyesha dalili zimepungua kweli. Hatua ya kwanza wanaiita "kuvhura pfungwa", kufungua akili. Bibi anasikiliza shida zote, kisha anamwomba mgeni achague moja. Moja tu, waitafutie njia. Hawamwambii aache kufikiri. Wanamsaidia kushusha abiria mmoja.

Na kwetu hapa kuna Shamiri, shirika linalosaidia vijana upande wa afya ya akili. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalitoka kwa wanafunzi 413 wa sekondari: vikao vinne vya saa moja, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wakizungumza kuhusu kukua, shukrani, na kile mtu anachokithamini. Kundi la kulinganishia lilipewa muda ule ule, ila lilifundishwa mbinu za kusoma. Mfadhaiko na wasiwasi vilipungua zaidi kwa waliopata vikao vile kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Tofauti haikuwa ya miujiza, na hao ni wa sekondari si wa chuo. Lakini huwa nakumbuka hilo kila nikiona tangazo la "mbinu 10 za kufaulu mtihani" limebandikwa mlangoni mwa ofisi ya ushauri.

Usiku_Mrefu

Ni saa nane na nusu usiku. Nimesoma uzi wote. Imenichukua saa mbili, kuna mahali nimerudia. Mtihani unaanza wiki ijayo, masomo sita. Sitaki kufa, nisieleweke vibaya, Mama wa Kayole asije akashtuka. Sitaki tu kuamka. Sijui hata naanzia wapi.

Jirani_wa_Zimma

Niko macho. Kwanza, hiyo "sitaki kuamka" nayo inahesabika, mwambie daktari kama ulivyoiandika hapa, neno kwa neno. Na ikigeuka usiku huu ikawa kitu kingine, piga 1199 kabla ya kunijibu mimi.

Umesoma uzi mrefu hivi saa nane usiku na umekumbuka kwamba mama ni wa Kayole. Gari lina injini.

Usianze na masomo sita. Usianze hata na somo moja. Chukua kalamu, si simu, uandike mambo matatu kwenye karatasi uibandike mlangoni kwa ndani: kituo cha afya cha chuo, saa mbili na nusu asubuhi, beba kitambulisho. Hayo tu. Usingoje kujisikia kwenda, mimi ningekuwa bado nangoja. Ukifika watakupa karatasi ya maswali tisa, ipo hata kwa Kiswahili, inauliza wiki mbili zilizopita. La saba ni la kumakinika, usilijibu kwa adabu. La tisa ni hilo la kutotaka kuamka.

Kisha waulize kuhusu kuahirisha mitihani. Inawezekana, kuna fomu, inataka barua ya daktari. Mimi niliogopa kuuliza nikakaa kwenye chumba cha mtihani saa tatu nikiandika jina langu vizuri.

Unakaa sehemu gani?

Usiku_Mrefu

Kasarani.

Jirani_wa_Zimma

Natoka kazini saa kumi na moja. Ukitaka mtu wa kukaa naye foleni kesho kutwa, nitaomba ruhusa asubuhi. Andika kwanza karatasi.

Usiku_Mrefu

Nimeandika. Mwandiko mbaya.

MamaWaWawili

Mwanangu wa Kasarani, mimi nimeshtuka hata hivyo, ni kazi yangu. Lala. Nimemuuliza wangu jioni hii kama daktari alivyosema. Amelia. Ijumaa tunaenda Mathari, baba yake ndiye anayeendesha.

Usiku_Mrefu

Nimetoka sasa hivi. Foleni ilikuwa ndefu na nesi aliniita jina la mtu mwingine. Maswali tisa, nimepata 16 kati ya 27. Daktari aliniuliza kuhusu usingizi muda mrefu kuliko nilivyotarajia. La tisa nililijibu kweli, akaweka kalamu chini tukaongea, akachukua namba ya dada yangu, akampigia mimi nikiwepo. Dada anakuja kulala kwangu wiki hii. Nimetolewa damu, nirudi Alhamisi. Fomu ya kuahirisha wanayo, barua atanipa hiyo Alhamisi.

Nilipanda gari la kwanza lililosimama.